Pamba Tuliyolalia

Mwaka wa sitini na tisa, nikiwa na umri wa miaka minane, baba yangu alikufa kwa ugonjwa wa kifua. Aliacha shamba la pamba lililofika magotini, mke mwenye mtoto mgongoni na wasichana wawili. Shida yangu ilianzia hapo, na sitaizungusha.

Kwetu ni chini kidogo ya barabara inayotoka Rodi Kopany kwenda Homa Bay, kwenye ule udongo mweusi unaong'ang'ania miguu wakati wa mvua na kupasuka kama kisigino wakati wa kiangazi. Ninyi wa rika langu mnakumbuka pamba ilivyokuwa. Nchi yote ilikuwa nyeupe. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu ndicho kilichonilisha. Shule niliiacha darasa la tatu. Kiswahili nilifundishwa na magunia, nikinunua mahindi kwa Wakuria wa Kegonga na maharagwe kule Ogwedhi, kwa watu wasiojua hata neno moja la Dholuo, lugha yetu. Kwa hiyo ukiniona nimeteleza mahali, pita tu.

Ninachotaka kusema ni habari ya mama. Kuna neno lilisemwa juu yake mwaka ule, nalo limetufuata maisha yetu yote, hadi juzi tulipomzika ndugu yetu mdogo, Okello. Nimechoka nalo. Leo naliweka chini.

Matanga ya baba yalipokwisha, ndugu yake aliyemfuata, Obonyo, alikuja nyumbani kwetu jioni akiwa amevaa koti. Alilivua, akalitundika kwenye msumari ulio nyuma ya mlango, akakaa, akaomba uji. Kila mtu mzima alijua maana yake. Kwa mila yetu ndugu wa marehemu humrithi mjane, na koti lake likishalala ndani ya nyumba hiyo, mambo yamekwisha. Mjane ni wake na shamba litalimwa kwa neno lake. Mimi nilidhani tu kwamba baba mdogo anasikia joto.

Mama alimpa uji, akangoja amalize. Kisha alilitoa koti msumarini, akalipiga-piga vumbi, akalikunja vizuri kama nguo ya kanisani, akamwekea magotini.

"Shemeji, umesahau koti lako."

"Sijalisahau, Min Akoth." Walimwita mama hivyo, mama yake Akoth, kwa sababu dada yangu Akoth ndiye kifungua mimba.

"Basi mimi nimelikumbuka."

Obonyo alisimama. Alikuwa mtu mrefu, na nyumba yetu ilikuwa na dari fupi, hivyo alilazimika kuinamisha shingo hata akiwa na hasira. "Mwanamke hakatai mila akabaki na watoto," alisema. "Hawa watakauka. Utawaona wakikauka mmoja mmoja kama omena juu ya nyavu."

Mama alimjibu, "Omena ikikauka ndiyo inauzwa, shemeji. Mbichi inanuka tu."

Nilicheka, maana dagaa hao wa ziwani tuliwajua kwa harufu. Akoth alinifinya paja. Yeye alikuwa na miaka kumi na alishajua kitu kinachoitwa chira. Kwetu, mtu akikonda na kukauka bila sababu ya kuonekana, watu hawasemi ni mgonjwa. Wanasema ni chira, adhabu ya mila iliyovunjwa, na chira haina adabu ya kumpiga aliyekosa peke yake. Huenda kwa watoto wake.

Toka siku hiyo macho ya ukoo yalikuwa kwenye shamba letu. Mjane aliyekataa kurithiwa huchungwa hivyo. Shamba likiota magugu msimu mmoja, watasema limemshinda, nao wataingia na majembe kwa huruma. Mama alijua hilo. Alituita, mimi na Akoth, akatuonyesha ile pamba ya magotini, akasema, "Huyu ndiye baba yenu sasa. Akifa huyu, tumekwisha."

Funza wa pamba alikuwa adui yetu mkubwa kuliko Obonyo. Bwana shamba alikuja na baiskeli, amevaa tai, soksi zimevutwa hadi magotini, na nyuma ya baiskeli amefunga mkebe wa unga mweupe. Tuliuita diditi, sijui nani alitufundisha jina hilo. Mama alimuuliza swali moja tu, naye alikuwa amembeba Okello mgongoni: "Huu hauna neno kwa watoto?" Bwana shamba alicheka. Alichovya kidole ndani ya mkebe, akakilamba mbele yetu wote, akajipapasa tumbo. "Unaua mdudu tu, mama. Mtu ni mkubwa." Maandishi ya mkebe yalikuwa ya Kiingereza, na mama hakujua kusoma hata Dholuo. Alichosoma ni kidole cha bwana shamba. Wewe pia ungekisoma.

Kazi ya unga ilikuwa ya alfajiri, umande ukiwa bado kwenye majani ili unga unate. Mama alishona vifuko kwa vitambaa vyepesi vya magunia ya unga wa ngano, akavijaza diditi, akatupa kila mmoja chake. Ulikuwa unapita kati ya mistari ukikitikisa kifuko juu ya kila mche, na unga unashuka kama ukungu. Mtu mzima unga ulimfika kiunoni. Sisi ulitufika puani. Bado naijua harufu yake: utamu-utamu wa papai lililoiva kupita kiasi likawekwa karibu na taa ya mafuta. Mdomoni ulikuwa mchungu kidogo, halafu ulimi unakuwa kama umeazimwa.

Jua likitoka tulikuwa weupe nywele, nyusi na kope. Akoth aliokota kijiti, akainamisha mgongo, akaanza kuja kwangu akitetemeka na kunipa salamu ya asubuhi.

"Oyawore, bibi kizee. Wajukuu hawajambo?"

"Wajukuu ni wavivu tu," nilimjibu kwa sauti ya kikohozi. "Siku hizi hawajui kulima."

"Na meno yako?"

"Nimeyaazima kwa mbuzi."

Tulicheka hadi tukakaa chini kwenye unga huohuo. Nilipenda sana mchezo ule. Niliamini ya kuwa unga ule ulikuwa unatupa uzee mapema, heshima ya wazee, na kwamba ndiyo sababu mama alituamini na kazi ya watu wazima. Okello alikuwa mgongoni mwa mama, kichwa chake kidogo kimefunikwa na leso, na leso yenyewe imekuwa nyeupe. Alikuwa akinyonya ncha ya leso hiyo.

Chawa walipotuingia, mama alitukalisha kwenye kigoda mmoja mmoja, akatupaka diditi kichwani kwa kiganja, polepole, mpaka nyuma ya masikio, kisha akatufunga kitambaa. Mkono wake ulikuwa mgumu kwa jembe, lakini kwenye kichwa cha mtoto ulilainika. Chawa waliisha. Majirani walikuja kuomba unga kidogo, na mama aliwapa bila choyo.

Pamba ilipochanua tuliichuma, na hapo ndipo penye jambo lenyewe. Siku ya kununua pamba ilikuwa mbali, na pamba ikilala nje huibwa au hulowa. Boma letu lilikuwa na nyumba ya nyanya, mama yake baba, aliyefariki kabla sijapata akili. Tuliendelea kuiita siwindhe, jina la nyumba ya bibi ambamo watoto hulala na kusimuliwa hadithi. Mama aliijaza pamba. Aliweka tabaka moja, akanyunyiza unga kwa sababu ya panya na wadudu, akaweka jingine, akanyunyiza tena, mpaka pamba ikakaribia nyasi za paa. Kisha alitupandisha juu, mimi na Akoth, tulale huko tuilinde. Mchana alipokuwa shambani, Okello naye alichimbiwa kishimo katikati ya pamba kama kiota cha ndege, akawekwa humo, akalala akiwa amenyoosha mikono kama mwenye mali.

Naomba mnielewe, mama hakututupa humo. Alituweka mahali pazuri kuliko pote alipokuwa napo. Yeye mwenyewe alilala kwenye ngozi ya ng'ombe, chini, katika nyumba kubwa. Watoto wote niliowajua walilala kwenye mikeka na nguo kuukuu, wakiamka na alama za matete shavuni. Sisi tulizama. Ulikuwa ukijitupa, pamba inakupokea, inakufunika masikio, inakuwa na joto kama ubavu wa ng'ombe. Kisimani niliwaambia wasichana wenzangu, "Nyinyi mnalala chini kama kuku. Sisi tunalala juu ya mawingu." Nilikuwa na kiburi tangu utoto, sikatai.

Na kulikuwa na jambo jingine, nililoliweka moyoni. Katika siwindhe yetu hapakuwa na kelele. Hakuna mbu wala kunguni wala kiroboto. Hata nyenje hakulia. Nyumba zote za jirani, giza likianza kuingia, zilipigiwa kelele na nyenje mpaka watu wanapandisha sauti. Kwetu kimya. Mimi nilijua sababu. Baba alikuwa amerudi, amekaa mlangoni, amewakataza wadudu wasitusumbue. Nilikuwa nikisikiliza kimya kile na kumtakia baba usiku mwema. Sikumwambia mtu. Hata Akoth sikumwambia.

Halafu paka akafa. Tulimkuta nyuma ya nyumba, amekakamaa, miguu imenyooka, mdomo una povu. Tukaletewa mwingine, naye vilevile. Kuku waliokuwa wakiokota wadudu waliodondoka kwenye pamba walianza kuzunguka-zunguka kama walevi, wakaanguka. Hapo midomo ya kijiji ikafunguka. Siku moja kisimani, msichana mmoja, mkubwa kuliko mimi, aliuondoa mtungi wake karibu na wangu.

"Mama amesema nisichanganye maji na nyinyi," alisema. "Chira imeanza na paka. Ikimaliza kuku, itapanda kitandani."

"Kitanda gani? Mimi nalala juu ya mawingu."

"Basi itapanda mawinguni."

Nilirudi nyumbani na mtungi nusu. Nilimkuta mama akichambua majani makavu kutoka kwenye pamba, maana pamba yenye majani hushushwa daraja. Nilimuuliza bila kupumua: "Mama, sisi tutakauka?"

Hakuacha kuchambua. "Nani amekauka hapa?"

"Paka."

"Paka alikuwa mwizi wa maziwa. Njoo." Alinipima kifundo cha mkono kwa vidole vyake viwili, kama mtu anayenunua mbuzi. "Hii si mifupa ya kukauka. Hii ni mifupa ya kubeba. Panda juu, unionyeshe kama gunia la kona ile limejaa." Nilipanda. Lakini nilipogeuka niliona ameacha kuchambua, mikono imelala kwenye pamba, naye anatazama mlangoni pale nilipodhani baba amekaa. Nilielewa siku ile kwamba mama pia anaogopa. Alikuwa akiogopa na kuchambua, akiogopa na kuchambua. Hicho ndicho alichonirithisha, na ni kikubwa kuliko shamba.

Siku ya kuuza tulibeba pamba kichwani, tukirudi na kwenda, mpaka jengo la kununulia pamba likatufahamu. Obonyo alikuwa amesimama pale na wanaume wengine akingoja kuona majani na uchafu. Karani alitia mkono katika gunia la kwanza, akautoa, akautia katika la pili.

"Safi," alisema. "Pamba ya nani hii?"

"Ya marehemu ndugu yangu," Obonyo akadakia.

"Marehemu hachumi pamba," mama akasema. "Andika jina langu."

Wanaume walicheka, na karani akaandika. Msimu uliofuata hakuna aliyekuja na jembe la huruma. Shamba lilibaki kwetu. Mimi ndiye niliyelipa, kwa kuacha shule niwe mkono wa mama, na sijutii.

Siwindhe ilibaki tupu. Mama aliifagia, akaipaka samadi upya, mvua zikaja. Jioni moja, tukiingiza kuni ndani yake, nyenje akalia. Mmoja tu, kwenye kona. Halafu wa pili. Nililia kwa sauti mpaka Akoth akadhani nimeumwa na nyoka. Sikuweza kumweleza. Kwangu mimi baba alikuwa ameondoka, safari hii moja kwa moja.

Basi, utoto wangu ni huo. Tulilima pamba misimu mingine kadhaa, tukailalia kila mwaka, mpaka bei ilipoanguka na watu wakang'oa.

Ugonjwa wa sukari ulinikamata nikiwa kijana, bado nanyonyesha. Nilikuwa nikimaliza mtungi wa maji na kuutafuta mwingine, nikakonda, shingo ikawa ya korongo. Sikuwahi kunenepa hata siku moja, na sukari kwenye chai niliijua nikiwa mtu mzima. Akoth akafuata. Okello, aliyenyonya ile leso, akaumwa kutushinda wote. Na kijiji kizima kikakumbuka omena juu ya nyavu. Mume wangu aliwasikiliza, akahamishia sahani yake kwa mke mdogo. Sikumfuata na mwiko. Nilifungua kibanda cha mahindi Rodi, nikaanza na gunia la kukopa. Nilijidunga sindano nyuma ya magunia, nikatoka nikauza.

Mama alikufa mzee, ana macho na meno yake. Alikufa akituomba radhi. Aliniambia, "Labda ningeliacha lile koti msumarini." Ninyi mnaosoma, hebu fikirini mzigo huo. Mwanamke aliyeshinda ukoo mzima anakufa akidhani ameua watoto wake kwa kukunja koti.

Miaka mingi baadaye, kwenye kliniki ya sukari huko Migori, daktari mmoja kijana aliniita dana, yaani nyanya, akaniuliza maswali ambayo hakuna aliyewahi kuniuliza. Kama nilikuwa mnene. Kama wazazi walikuwa na sukari. Halafu akauliza nilikulia wapi na tulilima nini. Nilipomweleza habari za siwindhe aliweka kalamu chini.

"Mlilala juu yake?"

"Tulilala ndani yake, mwanangu."

Alinieleza polepole. Kwamba unga ule ulikatazwa mashambani zamani. Kwamba unapoingia mwilini haukimbilii kutoka, unakaa kwenye mafuta miaka na miaka. Kwamba watu wanaochunguza mambo haya wameona unakwenda pamoja na ugonjwa wa sukari, na wana wasiwasi zaidi na wale walioupata wakiwa wadogo, mwili ukiwa bado unajifunza kazi zake. "Lakini kwa mtu mmoja, dana, siwezi kukuapia. Sukari ina njia nyingi."

"Sijakuomba kiapo. Niambie kama inawezekana."

"Inawezekana."

Neno hilo nililifunga kwenye ncha ya leso, nikatoka nalo.

Juzi Okello akafa. Walishamkata mguu, kisha figo zikakataa. Tulimleta nyumbani kwa mama, azikwe kando yake. Siku moja kabla ya mazishi wapishi waliniomba maharagwe, nikaenda kwenye stoo ya Okello palepale bomani. Nilipofungua mlango, ile harufu ikanipiga puani. Si ileile. Hii ni dawa ya siku hizi ya kuhifadhia nafaka. Lakini ni ndugu yake, nasema mimi niliyelala na mkubwa wao. Wageni walikuwa wengi, na watu walikuwa wamelaza watoto humo juu ya magunia, kwa kuwa pana joto na hapanyeshi. Kajukuu ka Okello, msichana wa miaka miwili hivi, alikuwa amelala fofofo, shavu limenata kwenye gunia, unga mweupe hadi kwenye kope. Hakuna mbu hata mmoja mle ndani. Kulikuwa kimya.

Nilimnyakua. Nikawatoa na wenzake wote, nikawaosha kwenye karai mbele ya watu, wakilia. Kisha nikambeba yule mdogo hadi kwenye turubai, ambako wazee walikuwa wameniitia kikao.

Ochieng, mtoto wa Obonyo, ndiye msemaji siku hizi. Ana shingo ya baba yake. Mbele yake kulikuwa na kibuyu cha manyasi, dawa ya mitishamba ya kusafisha chira. Akoth alikuwa ameketi karibu na kibuyu, mkongojo wake magotini, macho mekundu.

"Dada zangu," Ochieng alianza, "hatusemi kwa ubaya. Okello amekauka mbele ya macho yetu. Mmebaki wawili, na nyinyi pia mnakauka. Kunyweni, mwende kwenye kaburi la mama yenu, mtamke kwamba alikosea. Iishe. Au mnataka iwafuate hawa?" Akamnyooshea kidole mtoto niliyembeba.

"Nikuulize kitu, ndugu yangu," nilisema. "Mwaka ule paka wetu walikufa wakitoa povu. Unasikia? Paka alikataa kurithiwa na nani?"

Mzee mmoja nyuma akakohoa kicheko, na turubai lote likacheka, matanga au si matanga.

"Na kuku je? Kuku walirudisha koti la nani?" Nikawaeleza yote. Pamba, unga, siwindhe, maneno ya daktari, na lile neno inawezekana. Sikuongeza chumvi. Niliwaambia kwamba hata daktari hakuapa.

Ndipo Akoth aliposema, polepole, bila kuniangalia. "Basi bado ni mama."

"Nini?"

"Kama si koti, ni unga. Na mkono uliotupaka unga ulikuwa wa nani? Nani alimchimbia Okello kile kishimo? Umemtoa mama kwenye chira, umemtia kwenye sumu. Afadhali chira, mdogo wangu. Chira ina dawa." Na akakigusa kibuyu.

Hapo, nawaambia kweli, hilo sikuwa nimelipima. Watu wote waliniangalia. Mtoto mikononi alikuwa akinivuta sikio. Nikamwangalia, na nikakiona kile kidole, kile kidole kikilambwa.

"Akoth. Unamkumbuka bwana shamba wa soksi ndefu?"

"Namkumbuka."

"Mama alimuuliza nini?"

Akoth aliugeuza mkongojo wake magotini. "Alimuuliza kama unga una neno kwa watoto."

"Naye?"

"Alilamba." Sauti yake ilikatika. "Mjinga yule alilamba."

"Mama aliuliza. Katika kijiji hiki chote, kila mtu aliyechukua mkebe, ni nani mwingine aliyeuliza? Aliuliza, akajibiwa na mtu aliyesoma, akatulaza juu ya kitu bora alichokuwa nacho, yeye akalala chini kwenye ngozi. Sitaenda kusimama kwenye kaburi la mtu huyo niseme alikosea. Nikifa, nife. Lakini leo najua mtoto huyu hatalala tena kwenye stoo, na hilo, Ochieng, manyasi yako hayangeniambia."

Ochieng alikisukuma kibuyu kidogo kuelekea kwa Akoth. Dada yangu alikitazama. Kisha akajipapasa tumbo pale anapochomea sindano, akaniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, sauti ya shambani, "Maharagwe yako wapi? Nimeshachoma. Nikikaa hapa bila chakula nitaanguka, halafu watasema ni chira."

Akajiinua kwa mkongojo wake, mgongo umeinama, nywele nyeupe pe. Aliponipita alinong'ona, "Oyawore, bibi kizee."

"Wajukuu ni wavivu tu," nikamjibu.

Tulimzika Okello kando ya mama. Kibuyu kilibaki pale pale juu ya meza mpaka nzi wakakizoea.

Leo nina duka la nafaka Rodi Kopany, lenye milango miwili. Nina mashine ya kusaga. Nina ng'ombe niliowatoa Ogwedhi, na shamba la mama lote, halijapungua hata hatua. Nina stoo mbali na nyumba za kulala. Ufunguo wake uko shingoni mwangu, na hakuna mtoto anayeingia. Nina chupa za dawa yangu ya sindano ndani ya mtungi, kwenye maji baridi. Nina miguu miwili na vidole vyake vyote. Nina dada. Nina kaburi la mama, nimelijengea, na halidaiwi neno. Na nyuma ya nyumba wanakolala wajukuu wangu nina nyenje, wengi, wanapiga kelele mpaka tunapandisha sauti. Siwafukuzi.